Bibi wa Singida, mjukuu wa Pemba na kibali cha kuvuka bahari

MZIGO ulikuwa tayari tangu Jumapili. Chupa mbili za asali, dumu la lita tano la mafuta ya alizeti, vitunguu, mlenda mkavu kwenye mfuko wa khaki na kuku wawili wa kienyeji waliokuwa wakisubiri ndani ya tenga. Bibi wa miaka 61, mkazi wa kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Singida, alikuwa anakwenda Pemba kumlea binti yake aliyejifungua mtoto wa kwanza.

Hajawahi kuiona bahari. Maji ya chumvi anayajua kwa Ziwa Singidani tu. Safari yenyewe alikuwa ameshaelekezwa na kuikariri: basi hadi Dodoma, treni ya umeme hadi Dar es Salaam, boti hadi Unguja, kisha boti nyingine hadi Pemba.

Jioni hiyo binti alipiga simu kuulizia siku ya kuondoka. Walizungumza dakika kumi. Katika dakika hizo kumi mama alikohoa mara nyingi kiasi kwamba binti aliacha kusikiliza maneno, akawa anasikiliza kikohozi.

“Mama, hicho kikohozi kina siku ngapi?”

“Ni upepo wa Singida huu mwanangu, na vumbi. Kimeanza tangu tulipokuwa tunapeta alizeti.”

Binti alihesabu. Kupeta alizeti kulikuwa zaidi ya wiki tatu nyuma. Kitanda cha pili kulikuwa na kichanga cha siku tisa. Akasema neno ambalo mabinti wengi hawawezi kulitamka mbele ya mama zao.

“Mama, usipande gari kabla hujapima hicho kikohozi.”

Upande wa pili ulikaa kimya. Kisha likaja swali moja: “Kwa hiyo siku hizi kumwona mjukuu wangu ni mpaka nipewe kibali?”

Simu ikakatwa. Kwa siku nne haikupokelewa.

Kibali anachoulizwa mgeni

Swali la bibi lilitoka kwa uchungu, lakini ni swali lenye jibu. Ndiyo, kuna sehemu nyingi duniani ambako kuingia ni mpaka upate kibali, na nyingi kati ya hizo ni visiwa.

Hapa kwetu, mgeni kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Utaratibu huo ulianza tarehe 1 Oktoba 2024, na kwa mtu mzima bima hiyo iliwekwa dola 44 za Marekani. Anayetoka katika nchi zenye hatari ya homa ya manjano huulizwa pia cheti cha chanjo ya ugonjwa huo.

Mtanzania hayupo katika utaratibu huo wa bima. Bibi wa Singida alihitaji kitambulisho chake tu ili akate tiketi ya boti. Kuku wake ndio waliokuwa na masharti makubwa kuliko yeye, maana kusafirisha mifugo kunahitaji kibali cha afisa mifugo.

Maana yake ni kwamba angefika Pemba bila mtu yeyote njiani kumuuliza kuhusu kikohozi. Kondakta wa basi asingeuliza. Treni isingeuliza. Bandarini wangetazama tiketi na sura yake wamruhusu apite. Aliyebaki kuwa mlinzi wa mlango alikuwa binti mwenye siku tisa tangu kujifungua, akiwa na simu mkononi na aibu usoni.

Katika visiwa vya mbali zaidi, mlinzi huyo yupo kwa mujibu wa sheria. Kisiwa cha Tristan da Cunha, katikati ya bahari ya Atlantiki ya kusini, kina watu wasiofika 250. Jirani wao wa karibu, kisiwa cha St Helena, yuko umbali wa kilomita 2,400 hivi. Hakuna uwanja wa ndege. Njia ni meli kutoka Cape Town, mwendo wa takribani wiki nzima.

Mgeni haamki tu akakata tiketi ya kwenda huko. Anaandika barua kwanza, na viongozi wa kisiwa pamoja na baraza lao ndio wanaoamua kama aje. Anatakiwa pia kuwa na bima itakayogharamia matibabu na kuondolewa kisiwani iwapo ataugua sana.

Sababu yake ni hesabu rahisi. Kijiji kimoja, hospitali ndogo moja na siku saba baharini kabla ya kufika hospitali kubwa. Madaktari waliowahi kufanya kazi huko walibaini kwamba mafua ya kisiwa kizima huanza baada ya meli kutia nanga. Mgeni anaposhuka na mafua yake, ndani ya siku chache kijiji kizima kinapiga chafya.

Mwaka 1961 volkano ililipuka kisiwani humo na watu wote wakahamishiwa Uingereza. Huko walisumbuliwa sana na magonjwa ya njia ya hewa, kwa sababu miili yao haikuyazoea. Mwaka 1963 wengi wao walichagua kurudi kisiwani kwao.

Meli moja iliyoachwa ipite

Kwa mzazi anayedhani haya ni masharti ya kujikweza, historia ya visiwa vya Samoa, katika bahari ya Pasifiki, inatosha kumbadilisha mawazo.

Tarehe 7 Novemba 1918 meli iitwayo Talune, iliyotoka Auckland nchini New Zealand, ilitia nanga Apia, Samoa Magharibi. Ndani yake kulikuwa na abiria wagonjwa wa ile homa ya mafua iliyoua mamilioni duniani mwaka huo. Meli haikuwekwa karantini. Abiria walishuka.

Ndani ya wiki chache, takribani mtu mmoja kati ya kila watano katika Samoa Magharibi alikuwa amefariki dunia.

Upande wa pili wa maji, umbali wa kilomita zisizofika 200, kuna Samoa ya Marekani. Watu ni wale wale, lugha ni ile ile, wengine ni ndugu wa damu. Gavana wao, John Poyer, alifunga mlango. Meli ziliwekwa karantini, na wenyeji walilinda fukwe ili mitumbwi ya jirani isitie nanga. Huko homa hiyo haikuua hata mtu mmoja.

Mitumbwi iliyorudishwa haikuwa ya maadui. Ilikuwa na mashangazi, wajomba na bila shaka na mabibi waliotaka kuwaona wajukuu zao. Kuwarudisha hakukuwa jambo jepesi, lakini watoto wa upande ule walibaki hai.

Miaka 101 baadaye somo lilirudi. Mwaka 2019 surua iliingia Samoa kipindi ambacho watoto wengi hawakuwa wamechanjwa. Watu 83 walifariki katika nchi ya watu wapatao 200,000, na wengi wa waliofariki walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto asiye na chanjo ni kama kisiwa kisicho na mlinzi bandarini. Yeyote anayetia nanga anashuka na alichobeba.

Nasi tuna kumbukumbu yetu

Hakuna haja ya kwenda Pasifiki kuuona mlango wa namna hiyo. Mwendo mfupi wa boti kutoka Mji Mkongwe wa Unguja kuna kisiwa cha Changuu. Watalii wanakiita Kisiwa cha Magereza, kwa sababu mwaka 1893 lilijengwa gereza pale, chini ya Lloyd Mathews aliyekuwa waziri mkuu wa Sultani.

Kazi iliyokipa kisiwa hicho maana zaidi ilikuwa karantini. Abiria waliokuja kwa meli kutoka mahali penye magonjwa ya kuambukiza waliwekwa pale kwanza. Wakikaa siku zao bila kuugua, wanavuka kuingia mjini. Leo watoto wa shule wanakwenda kuona kobe wakubwa, ambao asili yao ni Ushelisheli, na wengi hupita mbele ya majengo yale bila kujua kwamba yaliwahi kuwa mlango wa afya wa Unguja.

Bibi zetu nao walikuwa na karantini yao. Waliita arobaini.

Mwanamke akijifungua anakaa ndani siku 40. Wageni hawaingii ovyo. Anayetoka safari ya mbali hakabidhiwi mtoto papo hapo. Mwenye kidonda au homa hukaa mbali. Sababu zilizotolewa zilitofautiana kutoka kabila hadi kabila, na nyingine hazikuhusu magonjwa kabisa, lakini matokeo yake yalikuwa yale yale. Kichanga kilikutana na watu wachache katika wiki zake za mwanzo.

Sasa tazama kadi ya kliniki. Chanjo ya kwanza inayomkinga mtoto dhidi ya kifaduro hutolewa akiwa na wiki sita. Wiki sita ni siku 42. Kabla ya hapo, mtoto anayekoholewa na mtu mwenye kifaduro hana kinga ya chanjo yake mwenyewe. Wazee waliokataza wageni kwa siku 40 walikosea kwa siku mbili tu.

Siku hizi arobaini imebaki jina. Mama anatoka hospitali leo, kesho sebule imejaa majirani, wafanyakazi wenzake, kwaya na kikundi cha kuweka na kukopa. Mtoto anapita mkono hadi mkono, anabusiwa mdomoni, anapigwa picha. Kila mmoja ana nia njema. Kila mmoja pia ana mapafu yake.

Kuku wa mnadani

Kilichomlainisha bibi wa Singida hakikuwa historia ya Samoa. Kilikuwa kuku.

Siku ya nne ya kutopokea simu, mdogo wake alikuja kumtembelea, yule ambaye binti wa Pemba humwita mama mdogo. Alikuwa ameombwa na binti azungumze na mama, lakini hakujua aanzie wapi. Wakaa uani wakichambua mboga. Pembeni, chini ya mti, kulikuwa na kuku jike amefunikwa kwa tenga peke yake, wakati kuku wengine wanazunguka huru.

“Dada, huyu mbona umemfungia peke yake?”

“Huyo nimemnunua mnadani juzi. Siwezi kumchanganya na wangu, sijui katembea na nini huko. Akimaliza wiki mbili hajasinzia ndiyo nitamfungulia.”

Kila mfugaji wa Singida anajua anachokwepa hapo. Kideri kikiingia kwenye banda, kuku wanaweza kuisha ndani ya siku chache. Ndiyo maana wafugaji wanasisitizwa kuwachanja, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na kutomwingiza kuku mgeni bandani siku anayofika.

Mama mdogo aliendelea kuchambua mboga. Kisha akasema polepole: “Na kule Pemba kuna kifaranga cha siku kumi na tatu.”

Bibi alimtazama mdogo wake kwa muda. Hakujibu. Asubuhi yake alijifunga kitenge, akachukua kadi yake ya zahanati na kwenda kupima.

Majibu

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kina maelekezo yake: nenda kituo cha afya ukapime kifua kikuu. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Dalili nyingine ni homa za jioni, jasho jingi usiku na kupungua uzito. Bibi alikuwa nazo mbili. Nguo zilizomlegea alidhani ni uchovu wa mavuno.

Alipewa kikopo cha makohozi. Majibu yalionyesha ana kifua kikuu.

Alilia, na kilio chake hakikuwa cha ugonjwa. Alilia kwa sababu aliona ameshapoteza safari, na kwa sababu kijijini ugonjwa huu bado unasemwa kwa sauti ya chini. Mhudumu alimweleza mambo matatu ambayo kila familia inapaswa kuyajua. Dawa hutolewa bure. Matibabu ni ya miezi sita, na mtu akimaliza dozi anapona. Na baada ya wiki mbili hivi za kumeza dawa ipasavyo, wagonjwa wengi hawaambukizi tena wengine.

Kisha mhudumu akauliza swali ambalo bibi hakulitarajia: “Nyumbani unaishi na nani?”

Alikuwa anaishi na wajukuu wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka mitatu, waliokuwa wakilala chumba kimoja naye. Na alikuwa na mwanawe wa kiume, mchimbaji mdogo wa dhahabu, aliyerudi kutoka machimboni miezi michache kabla akiwa anakohoa. Wote nyumbani walishakubaliana kwamba kile kilikuwa kikohozi cha vumbi la mgodi.

Wote waliitwa. Kijana alipimwa, naye akakutwa na kifua kikuu. Wachimbaji wadogo wanaovuta vumbi la mawe wako katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu kuliko watu wengine, na Singida ina machimbo ya siku nyingi, tangu Sekenke ya enzi za Wajerumani. Watoto walichunguzwa, wakakutwa hawajaugua. Yule wa miaka mitatu alianzishiwa dawa za kinga, kwa sababu mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi na mgonjwa anaweza kuugua haraka na kuugua vibaya.

Swali aliloliuliza binti kwa ajili ya mtoto wa Pemba lilimfikia kwanza mtoto wa Singida. Bila swali lile, bibi angepanda basi, angefika, angembeba mjukuu kifuani usiku na mchana kwa siku arobaini. Huku nyuma, kijana angeendelea kukohoa chumba cha pili na mtoto wa miaka mitatu angeendelea kuvuta hewa ile ile.

Mlango uliodhaniwa unamlinda mtu mmoja ulikuwa unawalinda watu wa pande zote mbili.

Je, chanjo ya BCG haitoshi?

Wazazi wengi huuliza hivyo, kwa kuwa mtoto huchomwa BCG mara tu anapozaliwa. Chanjo hiyo ni muhimu sana. Inawakinga watoto wadogo dhidi ya aina kali za kifua kikuu, ikiwamo ile inayoshambulia utando wa ubongo. Lakini haizuii kila maambukizi, na haimpi mtu ruhusa ya kumkohoa mtoto. Chanjo ni ngao. Ngao haizuii mzazi kufunga mlango.

Kuuliza bila kuvunja undugu

Binti wa Pemba alisema jambo sahihi kwa namna iliyouma. Hakuwa na muda wa kupanga maneno. Familia nyingine zinaweza kujiandaa mapema, kabla mtoto hajazaliwa, wakati hakuna anayehisi kwamba sharti limewekwa kwa ajili yake.

Kwanza, masharti yawe ya nyumba, yasiwe ya mtu. “Kwetu kila anayekuja ananawa mikono kwanza” haimwumizi mtu. “Wewe nawa mikono” inaumiza. Weka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na wenyeji wawe wa kwanza kunawa.

Pili, msemaji awe baba wa mtoto. Mama aliyejifungua ana maumivu, usingizi mdogo na machozi ya karibu. Asiachwe peke yake kumkatalia mama yake wala mama mkwe. Mume akisema “nimeomba mimi,” lawama inamwangukia mtu mwenye nguvu za kuibeba.

Tatu, ulizeni kabla nauli haijalipwa. Mgeni akiwa ameshafika na begi, kumwambia asimshike mtoto ni kumfedhehesha. Wenye visiwa wanajua hilo. Barua ya kuomba kibali hutumwa kabla ya kupanda meli. Kwa mgeni anayetoka mbali maswali ni machache: Unakohoa? Una mafua au homa? Kuna mgonjwa nyumbani? Mtoto unayekuja naye amekamilisha chanjo?

Nne, mpeni mgeni kazi na heshima yake. Mwenye mafua anaweza kupika uji, kufua, kuchota maji au kukaa na mtoto mkubwa uani. Bibi anaweza kuimba kwa simu. Asiyeruhusiwa kumbeba mtoto leo asijione amefukuzwa kwenye ukoo.

Tano, mwambieni ni lini ataruhusiwa. Sharti lisilo na tarehe linasikika kama chuki. “Mafua yakiisha,” “majibu yakitoka,” “mtoto akishachoma ya wiki sita.” Binadamu anaweza kusubiri chochote akijua mwisho wake.

Masharti haya si kwa ajili ya visiwani tu. Nyumba yenye kichanga ni kisiwa hata ikiwa katikati ya soko la Singida. Wakazi wake ni wachache, mmoja wao hana kinga, na hospitali usiku wa manane huwa mbali siku zote.

Safari

Bibi alianza dawa wiki ile ile. Mkojo ulipobadilika kuwa wa rangi ya chungwa alishtuka, akaambiwa ni dawa na si damu. Alimpigia binti simu mwenyewe. Hakuomba radhi, naye binti hakuomba. Walizungumza kuhusu mtoto, kwamba ananyonya vizuri, kwamba masikio yake ni ya ukoo.

Kule Pemba, arobaini ililelewa na mama yake mkwe binti, kwa uji wa pilipili manga na maji ya moto. Bibi wa Singida aliona wivu na alisema hivyo wazi. Arobaini ya mjukuu wa kwanza hairudi. Hakuna maelezo ya kitaalamu yanayoweza kumfidia, na familia yake haikujifanya kwamba yapo.

Mwezi wa tatu wa matibabu, baada ya vipimo kuonyesha makohozi yake hayana tena vimelea, alisafiri. Safari hii alibeba karatasi nyingi kuliko mizigo. Kitambulisho cha boti. Kadi yake ya dawa. Barua ya uhamisho kutoka kituo chake cha Singida kwenda kituo cha Pemba, ili asikose dawa hata siku moja, maana mgonjwa wa kifua kikuu anayehama bila taarifa ndiye anayekatisha dozi, na anayekatisha dozi huweza kuzalisha ugonjwa usiosikia dawa za kawaida. Kuku aliwaacha. Mlolongo wa kibali chao ulimshinda, akasema Pemba nako kuna kuku.

Alikaa huko miezi miwili. Aliiona bahari, akaionja, akasema ina chumvi kuliko Singidani. Alirudi akamalizia dozi nyumbani. Kijana naye alimaliza, na yule wa miaka mitatu alimaliza dawa zake za kinga.

Mwishoni mwa mwaka, mkaza mwana wa jirani alijifungua pale pale kijijini. Wanawake walikwenda kumpongeza, na bibi akatangulia na sufuria la mchuzi wa kuku kichwani. Alipofika mlangoni alisimama. Asubuhi hiyo aliamka na mafua. Akaliweka sufuria kizingitini, akabisha hodi, akarudi nyuma hatua tano na kusema kwa sauti ili waliomo ndani wasikie: “Mimi nitaingia wiki ijayo.”